Unahamia Brazil? Usichague jiji kwa orodha ya manispaa

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuja kuishi Brazil huwa wameshapitia orodha ya miji mikubwa: São Paulo milioni 11, Rio milioni 6, kisha Brasília. Hesabu hizo ni za kweli, zimo katika sensa ya 2022. Tatizo ni kwamba zinaishia kwenye mpaka wa manispaa, na maisha hayaishii hapo.

São Paulo ukiichukua na manispaa zinazoizunguka, zote pamoja 39, inapita watu milioni 20. Mimi nilipanga chumba Guarulhos, ambako ndiko ulipo uwanja mkuu wa ndege. Guarulhos peke yake ina watu zaidi ya milioni moja, na ukiwa barabarani huoni São Paulo imeishia wapi. Mpaka utauona kwenye nauli. Kodi ya chumba ilikuwa nafuu kweli, ila basi linalovuka manispaa lina nauli yake, na foleni ya asubuhi inakula saa nzima na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi, ondoka hapo mtaani saa kumi na moja alfajiri, siku ya kazi, uende hadi unakotarajia kufanya kazi. Ramani haitakuonyesha msongamano ule. Ukipata chumba unachoweza kutembea kwa miguu hadi stesheni ya treni, kichukue hata kama ni kidogo.

Rio ni hivyo hivyo: karibu nusu ya watu wake wako nje ya manispaa, Nova Iguaçu, Duque de Caxias, au Niterói ng'ambo ya ghuba.

Jiji ambalo wengi wanalipita ni Belo Horizonte. Kwa manispaa ni la sita, watu milioni 2.3. Ukijumlisha majirani linakuwa la tatu nchini, takriban milioni 5. Fundi au mtu wa viwandani asiache kutazama Betim na Contagem. Kiwanda cha magari cha Fiat kiko Betim tangu 1976.

Lakini angalia: tangu katiba ya 1988, majimbo ndiyo yanayochora mipaka ya majiji haya, yaani jiji pamoja na manispaa za jirani, kwa hiyo hata hesabu hiyo kubwa haikuambii umbali. Manispaa ya Itacoatiara imehesabiwa ndani ya jiji la Manaus, kule Amazonas, nayo iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Ukitangaziwa nyumba “Manaus”, uliza kwanza iko manispaa gani.