Maswali yenu kuhusu darubini za masafa marefu: acheni kununua namba

Nusu ya barua za safari hii zinauliza darubini ipi ya bunduki inakuza mara nyingi zaidi. Hakuna hata moja iliyouliza kama tareti zake, yaani vifundo vya kurekebishia shabaha, zinahesabu sawasawa, na hapo ndipo penye tatizo.

Swali: Nataka kuanza kupiga mita 1,000. Nichukue darubini ya 5-25x56 au nijikaze ninunue ile ya 8-80x56?

Chukua ya kwanza, inayokuza mara 5 hadi 25 kwa lenzi ya mbele ya milimita 56, na sikuambii hivyo kwa kukuonea huruma ya mfuko.

Jicho zima la binadamu hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa dakika moja hivi ya pembe, yaani sekunde 60. Lenzi ya mbele ya milimita 56, hata ikisagwa bila kasoro yoyote, huishia kutenganisha kama sekunde 2. Huo ni mpaka wa mwanga wenyewe, hakuna kiwanda kinachouvuka. Gawanya 60 kwa 2, unapata 30. Kwa hiyo ukifika mara 30 hivi umeshaona karibu yote yaliyomo kwenye picha. Ukipanda mara 40 au 50 jicho hupumzika kidogo kwa sababu vitu ni vikubwa, lakini undani mpya ni mdogo sana. Mara 80 unatazama kitu kilekile kimevutwa na kufifia.

Halafu kuna duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 56 kwa 25 ni milimita 2.24, ambayo mchana inalingana vizuri na mboni ya jicho. 56 kwa 80 ni milimita 0.7. Kichwa kikisogea kidogo tu, picha inazimika. Na eneo unaloliona linakuwa finyu kiasi kwamba bunduki ikipiga teke unapoteza shabaha na huoni risasi ilikoangukia. Mpigaji wa masafa marefu asiyeona risasi yake ilikotua hana cha kurekebisha.

Wapo wanaohitaji ukuzaji mkubwa, nami siwabishii. Katika mashindano ya F-Class, ambayo yalianza kwa wazo la Mkanada George Farquharson ili wapigaji ambao umri umewapunguzia macho na nguvu waendelee kushindana, shabaha iko umbali unaojulikana na haihami. Duara la pointi 10 kwenye yadi 1,000 lina upana wa karibu MOA 1, yaani dakika moja ya pembe. Hapo, hewa ikiwa tulivu, mara 40 au 50 ina kazi. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Fedha itakayobaki nunulia risasi ufanyie mazoezi.

Swali: Tyubu ya milimita 34 inaingiza mwanga zaidi kuliko ya 30, sivyo?

Sivyo. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Tyubu nene, yaani mwili wa darubini, inatoa nafasi ya retikali (alama za kulengea ndani ya darubini) kusogea zaidi juu na chini, na uimara kidogo. Mwanga unaamuliwa na lenzi ya mbele, ukuzaji na ubora wa vioo.

Swali: Nimepata darubini mpya. Picha ni safi sana, naona matundu ya risasi kwenye mita 300. Kuna haja ya kuijaribu zaidi?

Ipo, na kubwa. Picha safi ndiyo sifa rahisi kuiona dukani, ndiyo maana wauzaji wanaishikilia. Ila darubini ya masafa marefu ni kipimo. Unapozungusha tareti mili 10 (mili 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100), unaiamuru isogeze mstari wa kulengea kwa pembe fulani kamili, na kwenye mita 1,000 pembe hiyo ni mita 10. Isipotii, usafi wa picha utakusaidia tu kuona vizuri jinsi unavyokosa.

Fanya hivi, na bunduki haihitaji hata risasi moja. Simamisha ubao wenye karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita 1. Chora mstari wa wima kwa kufuata timazi, si kwa kukadiria. Weka darubini umbali wa mita 100 kutoka kwenye karatasi, na umbali huo upime kwa tepu. Usitumie kipimo cha leza kinachokosea mita moja: mita 1 kati ya 100 ni asilimia 1, na hiyo asilimia 1 ndiyo hasa unayoitafuta. Ibane darubini kwenye kitu kizito kisichotikisika. Lenga ncha ya juu ya mstari, kisha zungusha tareti upande wa kupandisha. Utaona retikali inateremka kwenye karatasi. Usishangae: mtutu haujasogea, ni mstari wa kulengea ulioshuka.

Kwa kliki, yaani hatua za tareti, za mili 0.1, kila kliki ni sentimita 1. Kliki 100 ni mita 1 kamili. Weka alama kila baada ya mili 2, kisha upime. Ukikuta sentimita 98 badala ya 100, darubini yako inapunja asilimia 2, na kwenye mita 1,000, kwa marekebisho ya mili 10, risasi itatua sentimita 20 chini ya ulipokusudia. Kosa la namna hiyo, likiwa lilelile kila mara, unaweza kuishi nalo kwa kuliingiza kwenye programu yako ya mahesabu. Darubini ya kuirudisha ni ile inayosema 98 leo na 101 kesho, au inayoshindwa kurudi mahali ilipoanzia baada ya kupandishwa na kushushwa mara 20.

Ukiwa hapohapo, tazama pia kama retikali inateremka juu ya mstari au inaukimbia pembeni. Ikiachana nao kwa sentimita 1.7 katika mita 1, imeinama digrii 1, na kwenye mita 1,000, kwa marekebisho yaleyale ya mili 10, hiyo ni karibu sentimita 17 za kukosa kando. Utaulaumu upepo ambao haukuwepo.

Mimi niliwahi kupoteza msimu mzima. Risasi zilitua chini, nikabadilisha baruti, nikabadilisha uzito wa risasi, nikajishuku hata pumzi. Darubini ilikuwa ya bei kali na picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Siku nilipoibana mbele ya karatasi ilikuwa inapunja asilimia 3. Kazi ya saa moja ingeniokolea msimu, na tangu hapo sifungi darubini kwenye bunduki kabla haijapita mbele ya karatasi.

Ikifaulu kwenye karatasi, irudie kwa risasi. Zipo zinazohesabu vizuri mezani na kuharibika zikipigwa teke mara 50.

Swali: Mili au MOA?

Yoyote, mradi tareti na retikali zizungumze lugha moja. Anayenunua retikali ya mili yenye tareti za MOA atakuwa anazidisha kwa 3.44 huku saa ya mashindano inakimbia.

Swali: Kuna haja gani ya retikali inayokua pamoja na picha? Mistari inakuwa minene mno nikikuza.

Haja ni kwamba mili 1 inabaki kuwa mili 1 kwenye ukuzaji wowote. Retikali isiyokua husema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Darubini yako ikiwa imepimwa kwenye mara 24 nawe umeshuka hadi mara 12, alama unayoiita mili 1 inafunika mili 2. Umeshikilia upepo mara mbili ya unaotakiwa.

Anayepiga shabaha moja kwa umbali mmoja, na ukuzaji haubadilishi, atumie isiyokua afurahie mistari myembamba. Wengine wote wachukue inayokua. Kuhusu unene, tazama kwanza kipimo cha mstari katika maelezo ya mtengenezaji: mili 0.03 inafunika sentimita 3 kwenye mita 1,000. Sidhani kama hizo ndizo zinazokukosesha.

Swali: Ikifika saa sita mchana picha inachemka kama maji ya chungu nikiwa mara 25. Lenzi imeharibika?

Lenzi ni nzima. Hayo ni mazigazi: hewa ya moto inapanda kutoka ardhini na kuupinda mwanga. Ukikuza zaidi unakuza na huko kuchemka. Shuka mpaka mara 15 au 12, utaona shabaha imetulia. Hakikisha pia si joto la mtutu wako mwenyewe baada ya risasi nyingi. Kitambaa kilichotandazwa juu ya mtutu hulizuia.

Lakini usiyachukie mazigazi. Vuta fokasi karibu kidogo kuliko shabaha, uyatazame: yakipanda wima, upepo ni mdogo au unakujia usoni au mgongoni, yakilala, umepata upande wa upepo na fununu ya kasi yake. Kisha rudisha fokasi kabla ya kupiga.

Swali: Nimeweka kifundo cha paralaksi kwenye namba 600, na shabaha iko mita 600, bado retikali inatembea nikisogeza kichwa. Kampuni imenidanganya?

Huko kutembea ndiko paralaksi, na namba za kifundo ni za kukaribia tu. Anza na lenzi ya jicho: elekeza darubini kwenye anga tupu, mbali kabisa na jua, tazama kwa sekunde mbili tatu, ondoa jicho, rekebisha, mpaka retikali iwe kali papo hapo unapotazama. Usiikodolee, jicho litajirekebisha lenyewe na kukuficha kosa. Baada ya hapo sahau namba za kifundo. Zungusha huku ukisogeza kichwa juu na chini polepole mpaka retikali iache kutembea juu ya shabaha. Picha kali na paralaksi iliyokwisha kwa kawaida hukutana mahali pamoja. Visipokutana, fuata paralaksi.

Swali: Naweza kutumia darubini iliyo kwenye bunduki kuangalia nani anatembea kule mbali, ili nisinunue nyingine?

Hapana, hata kama haina risasi. Kila unachokitazama kwa darubini hiyo umekielekezea mtutu. Tafuta darubini ya macho mawili.