Kilima kilichokuwa mikarafuu: DEM (data ya vimo vya ardhi) ipi utumie ukichora ramani Unguja na Pemba

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma jamaa wa shehia moja upande wa Wete waliniomba niwachoree ramani ya bonde lao la mpunga, wanataka kuchimba mtaro wa kutolea maji manake masika ikikaza mpunga unazama mpaka unaoza. Mie huyo kwenye laptopu kifua mbele, nikashusha SRTM, DEM iliyopimwa kutoka angani, ile ya mita 90 (kila pikseli, yaani kiboksi chenye namba moja ya kimo, ni mita 90 kwa 90), kwa vile ndo niliyoizoea tangu chuo, nikaikatakata kwenye programu ya ramani ya QGIS mpaka pikseli za mita 5, nikatoa konta, ile mistari ya kimo kimoja, za kila mita moja, mistari imelala vizuri utadhani ukili. Nikaiprinti kubwa, nikapanda nayo boti.

Mzee mmoja akaiangalia weee, akaweka kidole katikati, "Mwanangu, na hichi kilima kiko wapi?" Nikamuonesha kwa mkono, tukageuka sote kutazama. Mikarafuu! Shamba zima la mikarafuu ya zamani na minazi imechomoza juu yake, chini ya miti ardhi inateremka kidogo tu kuelekea bondeni. Wakacheka, na mie nikacheka, ningefanyaje.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi DEM ipi ina pikseli ndogo, namwambia hilo swali la pili. La kwanza, hiyo data imepima ardhi au imepima kilichosimama juu ya ardhi? Kwa visiwa vyetu hilo ndo linalokumaliza, manake mlima hatuna, sehemu ya juu kabisa haifiki hata mita 150, sasa mnazi wa mita 20 ukihesabiwa kuwa ni ardhi hapo umeshaharibu kila kitu. Kilimanjaro mita 20 nani ataiona?

Pikseli nazo zina maana yake lakini, sisemi hazina. Mita 90 kwa 90 ni kama ekari mbili nzima zimepewa namba moja, hapo bonde jembamba la Pemba linamezwa pamoja na kingo zake zote mbili. Mita 30 ni chini ya robo ekari, angalau bonde linaonekana kuwa bonde. Ila ule mchezo wangu wa kuikata 90 iwe 5 hauongezi kitu, programu inabahatisha katikati ya namba na namba halafu inakupambia, unapata ramani nzuri ya uongo.

SRTM ilipigwa Februari 2000 kwa rada kutoka chombo cha Endeavour, siku 11 tu, na ile ya mita 30 kwa huku kwetu ilitolewa bure miaka mingi baadae. Namba zake ni mita kamili, hakuna nusu wala robo, kwa hiyo ukienda Paje au Jambiani kwenye maweni tambarare utaona ngazi ngazi, huku 7 huku 8, ukidhani kuna kingo kumbe ni mzungusho wa namba tu. Tena ni picha ya mwaka 2000, hebu fikiria pembezoni mwa mji palivyojengwa tokea hapo. DEM nyengine, ASTER, mie siipendi, inatokana na picha za kawaida na mawingu ya huku mnayajua, inatoka na chunusi chunusi. Ile ya Wajapani, AW3D30, nayo ya picha lakini imetulia zaidi.

Ninayoanza nayo sasa ni Copernicus ya mita 30. Imetokana na setilaiti mbili za Kijerumani zilizokuwa zinaruka pamoja, data zimekusanywa kati ya 2011 na 2015, namba zina desimali na tambarare inatoka laini. Ila usisahau mikarafuu! Rada yake inatumia wimbi fupi, sentimita 3 hivi, halipenyi majani, kwa hiyo kwenye misitu ya Jozani au Ngezi unapimiwa vilele vya miti. Kuna FABDEM, wataalamu wa Bristol kule Uingereza waliichukua hiyo hiyo Copernicus wakaifundisha kompyuta kuondoa miti na majumba, kwa bonde la mpunga ndo naiona karibu na ukweli, ila masharti yake hairuhusu biashara, ukilipwa kwa kazi hiyo angalia.

Mtu ataniambia, "Si utumie droni." Sawa, ule mradi uliopiga picha Unguja na Pemba kuanzia 2016 pikseli zake ni sentimita, unahesabu mabati ya nyumba. Lakini kamera ya droni nayo inaona kilele cha mnazi, haioni shina. Na kuna mtego mwengine, GPS ya droni inatoa kimo cha kutoka umbo la dunia la kihesabu, sio cha kutoka usawa wa bahari, kwa huku kwetu tofauti ni mita ishirini na ushei, unasimama pwani kavu data inasema uko chini ya bahari. Usiichanganye na Copernicus kabla hujairekebisha, mie nimeshawahi, siku nzima imepotea.

Jengine, kuna mtu alitaka nimchoree ramani bahari ikipanda nusu mita itafika wapi. Nikamwambia bwana we, bamvua peke yake maji yanapanda na kushuka kama mita 4, na data hizi za bure zenyewe zinaweza kukosea mita kadhaa, hiyo nusu mita naitoa wapi? Akaenda kwa mwengine, akachorewa, rangi nzuri kabisa.

Mtaro wa Wete baadae tulipima na fundi mwashi kwa mpira wa maji, ule ule anaosawazishia msingi, tunatembea kwenye matope hatua kwa hatua. Toka mwanzo wa bonde mpaka mwisho ardhi ilikuwa na mteremko wa sentimita arubaini tu. Niliporudi nyumbani nikafungua SRTM hapo hapo, bonde zima limeandikwa 6.