Uuguzi au uhandisi: ulizia kinachokuja baada ya chuo

Mama, umeuliza binti yako achague nini kati ya shahada ya uuguzi na uhandisi wa ujenzi, na ipi itampa leseni mapema. Mimi ni mhandisi, mke wangu ni muuguzi, tunaishi hapa Umoja, Nairobi. Nakujibu kwa tuliyoyapitia.

Miaka ya chuo isikukoseshe usingizi. Uuguzi ni minne, uhandisi mitano. Kazi ngumu iko baada ya kuvua joho.

Mke wangu alifanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, kisha mwaka mmoja wa intanshipu, yaani mafunzo kazini, hospitalini. Kilichomtesa ni kungoja. Nafasi hizo hupangwa na serikali, naye alikaa miezi minane nyumbani akisubiri barua, jamaa wakimuuliza kama kweli alihitimu. Madaktari nao yamewakuta: mgomo wao wa siku 56 mwaka 2024 ulihusu pia kupangiwa kwa madaktari wa intanshipu na malipo yao. Hata hivyo, barua ilipofika, kila siku aliyoshinda wodini ilihesabiwa.

Zangu hazikuhesabiwa. Nilipohitimu nilisajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK, kama mhandisi mhitimu, nikadhani nimefika. Kumbe ilikuwa bado miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, halafu tathmini ya bodi. Na huyo mhandisi hakuna anayekutafutia. Nilipata kazi upesi kwa mkandarasi mmoja kando ya Barabara ya Mombasa, saiti kubwa, mshahara mzuri. Miaka miwili na nusu nikakagua nondo na kusimamia umwagaji wa zege. Nilipoanza kuandaa ripoti zangu za kupeleka kwa bodi ndipo nikajua kwamba mkubwa wangu, ambaye saiti nzima ilimwita Injinia, hakuwa kwenye orodha ya bodi. Sahihi yake haikunifaa kitu. Nikahamia ofisi ya wahandisi washauri Upper Hill kwa nusu ya mshahara, nikaanza kuhesabu upya. Nililia, mama, na sioni aibu kusema.

Muuguzi hapotei hivyo kirahisi, kwa kuwa bila leseni haruhusiwi kuhudumia wagonjwa. Mhandisi anaweza kuajiriwa miaka kumi na bado asiwe na ruhusa ya kuidhinisha mchoro hata mmoja. Chuoni hili hatukuelezwa, na linaniuma mpaka leo ninapoona vijana wakiingia mtego uleule.

Kwa hiyo, kabla hamjalipa karo, angalieni kama kozi yenyewe imeidhinishwa na EBK. Jina la chuo halitoshi, maana bodi huidhinisha kozi moja moja. Kwa uuguzi, ulizeni Baraza la Wauguzi vivyo hivyo.

Diploma pia msiidharau. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hutoa wauguzi kwa njia hiyo, na mafundi sanifu wa uhandisi wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Mimi ningemshauri uuguzi kama nyumbani mnahitaji njia iliyonyooka, mradi mjiwekee akiba ya miezi ya kungoja barua. Akichagua uhandisi, siku ya usaili aulize: nani atanisimamia, na nambari yake ya usajili ni ipi? Wakimwona hana adabu, sawa. Aulize tu, kisha alitafute jina hilo kwenye orodha ya bodi kabla hajatia sahihi mkataba.