Ukienda Italia, lala shambani

Wengi wanaoniuliza kuhusu Italia huja na ratiba tayari: Roma siku mbili, Firenze siku mbili, Venezia moja, kisha uwanja wa ndege. Nami huwaambia jambo moja: tengeni wiki nzima mkae sehemu moja mashambani, nyumbani kwa mkulima. Nilikokaa mimi, na ninakopasifia bila kuchoka, ni Val d'Orcia, bonde lililo kusini mwa mji wa Siena katika mkoa wa Toscana.

Tafuta nyumba zinazoitwa agriturismo. Tangu 1985 sheria ya Italia inamtaka mwenye nyumba ya aina hiyo awe mkulima kweli, na kilimo kibaki kuwa shughuli yake kuu, wageni wafuate. Kabla ya kulipa, uliza wanalima nini na kama wanapika chakula cha jioni. Kama hawapiki, endelea kutafuta. Meza ya jioni ndiyo safari yenyewe.

Pale utakula pici, tambi nene za unga wa ngano na maji, zinazosokotwa kwa kiganja juu ya ubao, moja baada ya nyingine. Mchuzi wake ni wa nyanya na aglione, kitunguu saumu kikubwa kisicho na ukali kinacholimwa Bonde la Chiana. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi, na wageni wengi hulalamika. Uchukulie kama ugali: kazi yake ni kusindikiza vyenye chumvi, kama pecorino ya Pienza, jibini la maziwa ya kondoo. Onja lile changa na lile lililokaa miezi mingi, na utafikiri yametoka kwa wanyama tofauti.

Mimi napenda zaidi mwishoni mwa Oktoba na Novemba, wakati wa kuvuna zeituni. Nyavu hutandazwa chini ya miti, na mafuta yaliyokamuliwa wiki hiyo huwa ya kijani na hukereketa koo. Yamimine juu ya mkate uliochomwa na kusuguliwa kitunguu saumu, hutatamani kitoweo. Mwenyeji akikukaribisha kuvuna naye, nenda. Ukitaka vilima vya kijani, njoo Mei. Julai ngano imeiva au imeshakatwa, na nchi yote ni ya dhahabu. Agosti jua ni kali na Waitalia wenyewe wako likizo, hasa karibu na sikukuu ya tarehe 15.

Uzuri huo haukuota wenyewe. Siena ilipotawala, karne ya 14 na 15, bonde lilipangwa ili lionyeshe utawala mwema, na wachoraji wakalichora. Ndiyo sababu UNESCO ililiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Pienza nayo ilikuwa kijiji tu hadi Papa Pius II, aliyezaliwa hapo, alipomwita msanifu Bernardo Rossellino mwaka 1459 akijenge upya. Tembea nyuma ya kanisa kuu uone bonde lote.

Kwa Waislamu: nguruwe yumo mwingi, hata ndani ya mchuzi wa nyama na maharage, kwa hiyo mwandikie mwenyeji kabla hujafika. Kuna vyakula vya wakulima vya kutosha visivyohitaji nyama, kama pappa al pomodoro, ya nyanya na mkate. Tiramisu mara nyingi hutiwa pombe, uliza.

Mabasi ni machache, na Jumapili ni shida tupu, basi kodi gari. Leseni ya Tanzania au Kenya ibebe pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Ukiona duara jekundu lenye weupe katikati na maneno "zona traffico limitato", usiingie bila ruhusa. Kamera husoma namba ya gari, na faini inaweza kukufuata miezi kadhaa baadaye, hata ukiwa umesharudi nyumbani.

Na ukiingia dukani, salimia kwanza: buongiorno, kisha ndipo uulize bei. Vijijini wanalithamini sana hilo, kama sisi. Ila wahi kabla ya saa saba mchana, maana maduka mengi hufungwa hadi jioni, na mikahawa haianzi kupika chakula cha jioni mpaka kama saa moja na nusu usiku.