Ukiwa na mtoto wa sikoseli, mjue kwanza akiwa mzima

Swali ninaloulizwa sana na akina mama wenzangu, iwe kwenye benchi la kliniki au usiku kwa simu, ni hili: "Dada, mwanangu macho yamekuwa ya njano, nimkimbize?" Nami kabla sijajibu huuliza: jana yalikuwaje? Wiki iliyopita je? Wengi hapo hukwama. Macho ya mtoto wa sikoseli (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu; selimundu, kama inavyoandikwa kwenye mabango ya hospitali) huwa na unjano kidogo hata siku anayocheza rede na wenzake mpaka magharibi. Ukiuona unjano huo kwa mara ya kwanza siku ambayo umeamua kumtazama vizuri, utashtuka bure. Na ukishazoea kushtuka bure, ipo siku utapuuza lisilopaswa kupuuzwa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi aliyepewa majibu leo hauhusu dalili za ugonjwa. Mchunguze mtoto akiwa mzima. Jua weupe wa macho yake ukoje, viganja vyake vina wekundu kiasi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika akiwa amelala, anakojoa mara ngapi usiku. Fanya hivyo siku njema, ukiwa na utulivu.

Unjano wenyewe una sababu yake. Chembe nyekundu za damu kwa mtu asiye na tatizo hili huishi siku 120 hivi. Za mtoto wa sikoseli hukakamaa, hupinda mfano wa mundu, na nyingi hupasuka ndani ya siku 10 hadi 20. Zikipasuka huacha rangi ya njano, na ndiyo unayoiona machoni. Mwili hukazana kutengeneza nyingine lakini haufikii idadi, kwa hiyo wingi wa damu (himoglobini) wa mtoto huyu uko chini siku zote. Wengi wapo kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita, wakati mtoto mwingine wa rika lake anatakiwa awe na 11 au zaidi. Mhudumu asiyemfahamu akiona 7 anaweza kutaka kuagiza damu papo hapo. Lakini kama mtoto anacheza na 7 ndiyo yake ya kila kliniki, hiyo si dharura. Mtoto ambaye kawaida yake ni 9, leo ana 6 na amelegea, huyo ndiye wa kuhangaikiwa.

Kwa hiyo nunua kauntabuku. Ukurasa wa kwanza kabisa andika kwa herufi kubwa: SELIMUNDU (SS). Hiyo SS maana yake amerithi kwa baba na kwa mama. Chini yake wingi wake wa damu wa kawaida, kundi lake la damu, uzito wa kliniki ya mwisho, dawa anazotumia, dawa inayomdhuru kama ipo, na bandama lake likoje. Saa nane usiku, umemshika mtoto analia na muuguzi anauliza maswali kumi kwa mpigo, ukurasa huo utakusemea. Nimeona wahudumu wakibadilika kabisa wakishausoma, wanajua wanazungumza na mzazi anayefuatilia.

Sasa homa. Katika yote nitakayoyasema, homa ndiyo isiyo na mjadala. Bandama ni kiungo kilichopo chini ya mbavu za kushoto, na moja ya kazi zake ni kuchuja vijidudu kwenye damu. Kwa watoto wetu huharibika mapema, mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya maisha, kwa sababu vile vimundu huziba mishipa yake. Kijidudu ambacho kwa mtoto wa jirani kingeishia kikohozi cha wiki moja, kwa mtoto wako kinaweza kuingia kwenye damu na kumwondoa ndani ya saa chache. Nawaambieni hivi ili mjue kwa nini hatungoji asubuhi.

Kipimajoto kisikosekane nyumbani. Kiganja kwenye paji la uso hakipimi kitu, hasa kama umetoka jikoni. Joto likifika 38.5 ni dharura, unakwenda saa ile ile. Mimi kwenye 38 tayari nafunga mzigo. Panadol mpe ili apate nafuu, lakini mpe mkiwa njiani. Usimpe halafu ukakaa kusubiri kuona kama homa itashuka. Itashuka, ndiyo kazi ya panadol, na kijidudu kitabaki pale pale kikiendelea na shughuli zake.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Mnafika, mtoto anatobolewa kidole, kipimo cha malaria kinasema ipo. Kila mtu anashusha pumzi: kumbe malaria tu, chukueni dawa mrudi nyumbani. Lakini mtoto anaweza kuwa na malaria na vijidudu vingine kwenye damu kwa wakati mmoja, na kipimo kile hakijui hayo ya pili. Sema kwa heshima lakini sema: "Daktari, mtoto wangu ni SS, naomba tuangalie na maambukizi ya damu, na kama inafaa aanzishiwe antibayotiki huku tukisubiri majibu." Hakuna daktari mwenye akili atakayekasirika.

Na wale wanaosema watoto wa sikoseli hawaugui malaria wamechanganya mambo. Anayekingwa dhidi ya malaria kali ni yule aliyerithi upande mmoja tu, yaani AS, ambaye haumwi sikoseli. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 baada ya kupima watu huku kwetu Afrika Mashariki. Mwenye SS malaria inammaliza haraka kuliko wengine. Chandarua ni kila usiku, na kama kliniki imempa dawa ya kukinga malaria, asikose.

Vivyo hivyo penisilini ya asubuhi na jioni, ambayo hupewa kuanzia uchanga mpaka angalau atimize miaka mitano. Wazazi wengi huiacha kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anaimeza.

Jambo la pili ninalotaka ulijue kwa mikono yako ni kupapasa bandama. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe, usione haya. Mlaze mtoto chali, akunje magoti tumbo lilegee. Weka vidole vyako chini, usawa wa kitovu, uvipandishe polepole kuelekea mbavu za kushoto, kwa wepesi, huku anavuta pumzi. Usichimbe. Bandama likiwa limekua utahisi kingo yake ngumu ikija kugusa vidole mtoto anapovuta hewa. Pima kwa vidole: limeshuka chini ya ubavu kidole kimoja, viwili, au halipatikani kabisa. Andika kwenye kauntabuku. Ukishazoea ni kazi ya dakika moja wakati unampaka mafuta baada ya kuoga.

Faida yake utaiona siku moja, na uombe usiione. Hasa kwa walio chini ya miaka mitano, damu inaweza kukimbilia kwenye bandama na kunasa humo. Jana vidole viwili, leo limefika karibu na kitovu. Tumbo limejaa, mtoto amepauka, hataki kusimama, anataka maji tu. Tazama viganja na ulimi: ule wekundu unaoujua haupo. Huyo anahitaji kuongezewa damu haraka, na usipoteze muda kwenye kituo kisicho na damu.

Ndiyo, hilo nalo liulizwe mchana. Kituo gani karibu nanyi kinafungua usiku, kina damu, kina oksijeni? Bodaboda au bajaji gani mnaaminiana naye akaja saa tisa za usiku? Wengi tunapanga hayo mtoto ameshazidiwa.

Maumivu ni sura ambayo kila mtu anaifahamu, ingawa mwanzo wake huwapita wengi. Miezi ya kwanza mtoto huwa salama kwa sababu bado ana damu ya uchanga isiyopinda. Kuanzia miezi sita hivi inapopungua, unaweza kuona mikono au miguu imevimba, vidole vimenona kama soseji, analia ukivigusa. Hapo nyumbani watasema ameumwa na mdudu, au dada wa kazi amemwangusha. Uvimbe wa namna hiyo kwa mtoto mchanga, mikono yote au miguu yote, mpeleke apimwe sikoseli kabla hujamfukuza dada wa watu.

Maumivu madogo unaweza kuanza nayo nyumbani. Mpe maji mengi, kidogo kidogo. Parasetamo (ndiyo hiyo panadol) kwa uzito wake si kwa umri, na ibuprofeni kama kliniki imeruhusu na ameshakula. Kitambaa cha moto kiasi mahali panapouma, kamwe si barafu, baridi hukaza mishipa. Mfunike, mkande taratibu, mpigishe hadithi. Lakini kama dawa imepita na bado anajipinda, au yamekuja na homa, au yako kifuani, au tumbo ni gumu, au ameshindwa kunywa au kukanyaga, nendeni. Na asiambiwe anadeka. Maumivu haya huwalaza watu wazima wenye ndevu zao.

Mengine nayataja kwa kifupi kwa sababu hayahitaji maelezo, yanahitaji usafiri. Kichomi au kikohozi pamoja na kupumua haraka: hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi akiwa ametulia, hiyo ni haraka mno. Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kutatizika, degedege, kichwa kikali cha ghafla: kiharusi huwapata watoto wetu, hata wa miaka mitatu, na dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi bado unakwenda. Kwa wavulana, uume uliosimama na kuuma ukipita muda wa saa mbili ni hospitali, na tafadhali mwambie mwanao mapema, maana atajificha kwa aibu. Unjano uliozidi ule wa siku zote na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, vilevile.

Kuhusu kuongeza damu kwa mitishamba na majimaji, sina ugomvi na juisi ya rozela. Mpe, ni tamu na maji anayahitaji. Haitibu sikoseli. Ninachogombana nacho ni zile chupa za dawa ya kuongeza damu zinazouzwa dukani zenye madini ya chuma. Mtoto wetu kwa kawaida hakupungukiwa chuma, chembe zake zinapasuka tu na chuma chake kinabaki mwilini. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa nacho cha kuzidi. Folik asidi anayopewa kliniki ni kitu kingine kabisa, hiyo ni vitamini ya kusaidia kutengeneza chembe za damu, si chuma.

Kuna dawa moja niliyoisubiri kwa hamu, nayo ni haidroksiyurea. Huuchochea mwili urudi kutengeneza ile damu ya uchanga isiyopinda. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, majibu yake yakatoka 2019, ulionyesha maumivu, maambukizi, malaria na hata vifo vimepungua kwa waliokuwa wakiimeza. Inamezwa kila siku na inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo usichukue ya mtoto wa jirani. Uliza kliniki kama wako anafaa. Uliza pia kipimo cha mishipa ya kichwani, kile cha mawimbi ya sauti, ambacho huonyesha nani yuko hatarini kupata kiharusi kabla hakijamkuta. Kupandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kumeanza hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, ila kunahitaji ndugu ambaye vipimo vyake vinalingana na vya mtoto, na si kila familia inaye.

Halafu lile la "kwetu hakuna ugonjwa huo", ambalo wakwe na mawifi hulipenda. Mtoto hawi SS mpaka apokee kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS. Kila mimba, si kwamba ukishampata mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika. Mkienda kupima, ulizeni ni kipimo gani. Kile cha zamani husema tu kwamba vimundu vipo, hakitofautishi AS na SS. Mnataka kile kinachotaja aina ya himoglobini.

Akianza shule, mwalimu wa darasa apewe barua, na nakala kwa mwalimu wa zamu. Yangu ni fupi. Abaki na chupa yake ya maji darasani. Aruhusiwe kwenda msalani kila anapoomba, kwa sababu figo za watoto hawa hushindwa kubakiza maji mwilini, mkojo ukawa mwingi, na ndiyo maana wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa, na ndiyo maana shangazi asimchape kwa hilo. Asikimbizwe mchakamchaka asubuhi za baridi, asivuliwe sweta kwa kuwa si la sare. Acheze, ila akisema amechoka aachwe akae. Akipata homa, kichomi, au mdomo ukienda upande, msimpe panadol mkamlaza ofisini, nipigieni. Namba yangu, ya baba yake, na ya bodaboda.