Makosa ya wanafunzi, mada imechakaa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi ndo naanza PhD ya ufundishaji wa lugha ya kigeni, nilitaka kuchunguza makosa ya wanafunzi wakiandika, sasa msimamizi wangu kasema hiyo imeshapitwa na wakati nihamie akili mnemba kama wenzangu. Nimfuate au ning'ang'anie yangu?

JIBU: Pole ndugu yangu, ila msimamizi wako ana haki nusu. Mwanaisimu Corder aliandika tangu 1967 kwamba kosa la mwanafunzi linaonyesha kafikia wapi kwenye kujifunza, mwenzake Selinker akaja 1972 na hoja kwamba mwanafunzi anajijengea lugha yake mwenyewe katikati ya ile ya kwao na ile anayojifunza, baada ya hapo zikamiminika tasnifu za kuhesabu tu, makosa ya vitenzi mangapi, ya tahajia mangapi, basi. Huko kuhesabu bila swali ndo kumechakaa. Mada yenyewe ilihamia kwenye korpasi, yaani hazina kubwa ya maandishi ya kuchambulia kwa kompyuta, maana tangu 1990 Sylviane Granger wa Louvain, Ubelgiji, na wenzake wamekusanya insha za wanaojifunza Kiingereza wenye lugha mama mbalimbali, kwa hiyo sasa unaweza kuuliza kosa fulani linatokana na lugha mama au kila mtu analifanya.

Mitindo ya utafiti inakuja na kupita, ingawa mingine inang'ang'ania. Dodoso la mtafiti Horwitz na wenzake la wasiwasi wa wanafunzi kwenye darasa la lugha ya kigeni, lile la 1986 lenye vipengele 33, hadi leo watu wanaligawa (mi mwenyewe nimelijaza mara kadhaa, nimechoka nalo). Na tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 kila mtu anakimbilia huko, shida unapima programu mwaka wa kwanza, ukifika siku ya kutetea tasnifu toleo lile halipo tena.

Sasa wewe muulize mwanafunzi badala ya mashine. Wakisahihishiwa na programu halafu wiki sita baadaye waandike peke yao, kosa lile limeondoka au limerudi? Hapo umebaki na makosa yako na msimamizi kapata akili mnemba yake. Na weka kundi la wanaosahihishiwa na mwalimu, bila hivyo hutajua mashine imesaidia nini. Usiende kwa msimamizi mikono mitupu lakini, omba ruhusa ya wanafunzi wachache, chukua insha kama ishirini, weka alama makosa mwenyewe, mpe na mwenzako aweke bila kuona zako, mkitofautiana sana ujue tafsiri yako ya "kosa" bado haijakaa sawa.