Kisiwa kidogo, watu hawaji kupiga kura: tuanzishe chama au kundi la wagombea binafsi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi tuko kisiwa kidogo, watu elfu sita na kitu hivi, tuna baraza letu la viti 15, vyama hakuna, kila mtu anasimama mwenyewe. Majimbo ni matano, kila jimbo viti vitatu, mpiga kura ana kura tatu na wanaoshinda ni watatu wa juu. Uchaguzi uliopita daftari lilikuwa na watu 4,500, waliopiga kura 2,000 tu, na viti vitatu vilipita bila kupingwa. Tuko kama ishirini tumechoka na hii hali, wengine wanataka chama kamili na katiba yake, wengine wanasema neno chama litatisha watu, bora tuwe kundi tu la wagombea binafsi. Tuchague lipi, na tusimamishe wangapi? Ahsante.

JIBU: Marahaba. Kabla ya chama au kundi naomba kwanza tuziangalie hizo namba zenu, maana kuna kitu hapo nadhani kimewapita. Mnasema viti vitatu vilipita bila kupingwa. Kwa mfumo wenu jimbo linapita bila kupingwa pale wagombea wanapokuwa sawa na viti, kwa hiyo viti vitatu maana yake ni jimbo zima, yaani sehemu moja ya tano ya kisiwa haikupiga kura kabisa siku ile, si kwa uvivu, hakukuwa na karatasi ya kupigia. Sasa 2,000 kwa 4,500 ni asilimia 44, lakini humo ndani kuna watu kama 900 (kama majimbo yanakaribiana) ambao mmewahesabu kuwa wamesusa wakati hawakupewa hata nafasi. Watoe, wanabaki 3,600, na 2,000 kwa 3,600 inakaribia asilimia 56. Bado si ya kujisifia, ila ugonjwa umebadilika jina, tatizo lenu la kwanza ni uhaba wa wagombea na uhaba wa wapiga kura unafuata nyuma yake.

Halafu daftari lenyewe mlikague. Visiwa vidogo vina tabia ya vijana kuhama kusoma na kutafuta kazi na majina yao yanabaki, na waliofariki nao wanachelewa kufutwa, kwa hiyo kila mwaka asilimia yenu inashuka bila mtu yeyote kubadili tabia. Na kinyume chake kipo. Guernsey, kisiwa kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, mwaka 2020 waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 80 ya walioandikishwa, namba tamu sana, ila ambaye hakujiandikisha haonekani humo hata kidogo. Ombeni tume iwape hesabu tatu: watu wazima wenye sifa, walioandikishwa, na waliopiga, tena kituo kwa kituo. Msiandike hata mstari mmoja wa katiba ya chama kabla hamjazipata.

Sasa kwa nini watu hawaji. Nimesikia sana ile ya "watu wetu hawajali" na siipendi, kisiwani watu wanajali mno, utawasikia gatini na kwenye magrupu ya WhatsApp wanabishana bajeti ya barabara mpaka usiku. Wanachojua ni kwamba kura yao haichagui serikali. Mahali ambapo wagombea wengi ni binafsi, mpiga kura anachagua watu watatu anaowafahamu, kisha hao wakishaingia wanajifungia na wenzao wanapanga nani awe kiongozi na sera iwe nini, na wewe uliyepiga kura uko nje ya mlango. Guernsey hiyohiyo mwaka 2020, kisiwa kizima kilikuwa jimbo moja, wagombea 119 kwa viti 38 na kila mtu ana hadi kura 38, aliyeongoza kwa kura ni Gavin St Pier ambaye ndo alikuwa mkuu wa kamati ya juu ya serikali, halafu wajumbe walipokutana kuchagua mkuu akashindwa na Peter Ferbrache kwa kura 17 dhidi ya 23. Hakuna aliyeiba chochote, utaratibu ndo ulivyo, lakini jiweke kwenye nafasi ya mpiga kura wa kawaida. Tuvalu pia, nchi ya visiwa vidogo Bahari ya Pasifiki, watu kama elfu 11, viti 16, vyama hakuna: walipiga kura Januari 2024, waziri mkuu aliyekuwepo akapoteza kiti chake, kisha taifa likakaa linasubiri wiki kadhaa kwa sababu hali mbaya ya bahari ilichelewesha wabunge kufika mji mkuu kukaa na kuchagua, mwisho Feleti Teo akapita akiwa jina pekee lililopendekezwa. Raia alijua waziri mkuu wake ni nani karibu mwezi mzima baada ya kupiga kura.

Na usiniambie udogo ndo sababu. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, vina watu hamsini na kitu elfu, bunge la viti 33, na uchaguzi wa Desemba 2022 walijitokeza karibu asilimia 88. Kule kuna vyama, na vimegawanyika kwenye mambo ambayo kila mtu anayaelewa: kubaki na Denmark au kujitenga, na kushoto au kulia kwenye kodi na uvuvi. Ukipiga kura unajua ukipiga huku inaelekea wapi. Hicho ndo mnachokosa, na ndo kipimo cha kitu mnachotaka kuunda, jina mtalipata baadaye.

Kwa hiyo chama au kundi? Mimi nasema kundi, lakini si kundi la wagombea binafsi wenye fulana za rangi moja, hilo halina faida yoyote, siku ya kwanza barazani kila mtu atakwenda na mjomba wake. Nasema kundi lenye mkataba wa ukurasa mmoja, unaotangazwa kabla ya uchaguzi, unaosema mambo matatu ambayo mtapiga kura pamoja bila kukosa: nani mtamuunga mkono kuwa kiongozi wa baraza, bajeti, na kura ya kutokuwa na imani. Mengine yote kila mtu na dhamira yake. Hapo yule anayeogopa chama hana cha kuogopa kwa sababu mjumbe wake bado yuko huru kwenye mambo ya jimbo, na yule anayetaka chama amepata kiini cha chama. Muandike pia anayevunja mkataba anatoka vipi, na muandike sasa hivi mkiwa bado mnapendana. Someni na sheria yenu kabla ya kuchapisha nembo, kuna sheria ambazo watu wakishakuwa na jina moja na mfuko mmoja wa kampeni zinawahesabu kuwa chama wapende wasipende, na matumizi ya pamoja yanagawanywa kwenye kikomo cha kila mgombea.

Kuna mfano wa Jersey, kisiwa jirani na Guernsey, nauona ni shule nzuri. Uchaguzi wa Juni 2022, baraza la viti 49, vyama vinne vilisimamisha watu. Kimoja, Jersey Alliance, kilikuwa na mawaziri waliokuwa ofisini wakati huo, kikaambulia kiti kimoja. Reform Jersey, ambacho kilikuwa kimejijenga polepole tangu 2014 kwa mambo ya kodi ya pango la nyumba na mishahara, kikapata viti 10. Hakikupata serikali, kiongozi wao Sam Mézec aligombea uwaziri mkuu akapata kura 10 dhidi ya 39 za Kristina Moore, yaani wenzake wale wale na hakuongezeka hata mmoja. Ungesema wamekwisha. Januari 2024 Moore akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, Lyndon Farnham akaunda serikali mpya, na Mézec akawa waziri wa nyumba. Wajumbe kumi wanaosimama pamoja, kila anayetafuta wingi wa kura anajua bei yao, na wasiosimama pamoja hawana bei. Nyie barazani mnahitaji 8 kwa ajili ya wingi, ila hata wanne wanaoaminika wanatosha kuanza kuongea na watu.

Idadi ya wagombea sasa, hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo vikundi vingi vinajikata wenyewe. Mfumo wenu wa kura tatu kwa viti vitatu ni mfumo mkali. Chukua jimbo lenye wapiga kura 500, watu wenu wa uhakika 160. Mkisimamisha watatu na wote 160 wakawapa kura zote tatu, kila mmoja ana 160. Waliobaki ni 340, kura zao 1,020, zikigawanyika sawa kwa wagombea binafsi wanane kila mmoja anapata 127 na ushee, kwa hiyo mnabeba viti vyote vitatu mkiwa chini ya theluthi. Lakini wale 340 wakikubaliana majina matatu kila mmoja ana 340 na nyie mnatoka sifuri na watu wenu walewale 160. Hakuna katikati ya uhakika. Ingekuwa mfumo ambao mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba 1, 2, 3 kama wa Malta, kiwango cha kupata kiti ni 500 gawanya kwa 4 ongeza moja, yaani 126, na hapo 160 wenu kiti kimoja mnacho hakiondoki. Kwa hiyo kama mtaandika ajenda ya mabadiliko, hii iwe ya kwanza, japo nakubali ni ngumu kuielezea kwenye mkutano wa jioni.

Kosa kubwa kwenye mfumo wenu ni kusimamisha mgombea mmoja kwenye jimbo. Mkiwa na mmoja, watu wenu 160 wanabaki na kura mbili mbili mkononi, ni kura 320 wanazimwaga kwa wapinzani, na watawamwagia yule maarufu anayeshindana na mtu wenu. Ama muwaambie waache nafasi zilizobaki wazi (mhakikishe kwanza kwa sheria yenu karatasi hiyo haihesabiki imeharibika), ama msimamishe wawili au watatu. Kwa watu ishirini mlionao ningesimamisha sita au saba: watatu watatu kwenye majimbo mawili ambayo hesabu za kituo zinaonyesha mna watu, na nikipata wa saba namuweka kule kulikopita bila kupingwa, hata kama atashindwa, kwa sababu akisimama tu watu 900 wanapata karatasi ya kura. Hapo ndipo pekee ningekubali mgombea mmoja, na watu wake waambiwe wazi kura moja inatosha. Waliobaki kumi na tatu wapeleke fomu, wahesabu, wawe mawakala, kazi hizo zikikosa watu kundi linakufa hata likiwa na wagombea wazuri namna gani. Jersey kwenye uchaguzi huo wa 2022 waliweka nafasi ya kuwakataa wagombea wote pale mgombea hana mpinzani, nalo ni wazo la kudai, maana linawalazimisha wanaopita bure waombe kura.

La mwisho ni hofu, ambayo hukuiuliza ila ipo. Kisiwani mpinzani wako ni shemeji yako na mwajiri wako ni baraza. Mtu anaweza kuwaunga mkono kwa moyo wote na asithubutu kuonekana na karatasi yenu, kwa hiyo msipime nguvu yenu kwa idadi ya waliokuja mkutanoni. Daini masanduku ya vituo vyote vya jimbo yachanganywe kabla ya kuhesabiwa, kituo chenye watu 60 kikihesabiwa peke yake kila mtu anajua nani alimpa nani. Najua hapo juu nimewaambia mtafute hesabu za kituo kwa kituo, na hizi mbili zinagongana, ndiyo: hesabu ya waliojitokeza itolewe kwa kituo, ila kura za kila mgombea zitolewe kwa jimbo tu. Hayo majimbo yenu mawili basi myapime kwa waliojitokeza na kwa kubisha hodi.

Mkishapata zile hesabu tatu nitumie, hasa za jimbo lililopita bila kupingwa, na jina la kundi msilichapishe kwanza.